Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Warukaji wa Parachuti: Kuanzia Bakshishi ya Mwalimu hadi Upasuaji wa Macho kwa Leza

Anayejifunza kuruka kwa parachuti hufundishwa kwa makini namna ya kutoka mlangoni, kufungua na kutua, lakini yapo mambo mengine ambayo hayamo katika mtaala wowote, na watu huyauliza kwa sauti ya chini wakiwa wamepiga magoti kwenye mikeka ya kupakia. Majibu yafuatayo ni ya mrukaji, si ya daktari wala mwanasheria. Panapohitajika daktari, nimesema hivyo waziwazi.

Je, ni lazima kumpa mwalimu bakshishi?

Si lazima, na usipotoa hakuna mwalimu mwenye busara atakayekununia. Hata hivyo ni vizuri ujue anavyopata riziki. Katika vituo vingi, mwalimu anayeruka na abiria aliyefungwa kifuani pake, yaani mruko wa tandemu, hulipwa kwa kila mruko wala hana mshahara wa mwezi. Siku ya upepo mkali au mawingu mazito hushinda kwenye hanga bila kuingiza chochote. Nchini Marekani, ambako bakshishi imezoeleka katika kazi nyingi za huduma, wateja wengi wa tandemu hutoa. Kwingineko ni hiari tupu na mara nyingi haitarajiwi.

Ukitaka kutoa, toa baada ya kutua, mkononi, bila makeke, na uwahi. Mwalimu aliyetua nawe huwa bado ameikumbatia parachuti yake kama mtu aliyebeba tita la nguo za kufua, na baada ya dakika chache anatakiwa awe anamfunga mikanda mteja mwingine. Ukisubiri mpaka umalize kupiga picha na jamaa zako, utaambiwa yuko kwenye ndege inayopaa. Kama fedha ulizifungia pamoja na mizigo yako, acha bahasha mapokezi ikiwa na jina lake. Aliyekupiga picha angani mara nyingi ni mtu mwingine, naye hulipwa kwa mtindo uleule, kwa hiyo usimsahau. Jambo moja tu ninalipinga kabisa: kutoa kabla ya kuruka. Hata kama nia yako ni njema, inafanana mno na kumwomba mtu afumbie macho upepo au uzito, na mwalimu mzuri atairudisha.

Na mimi ambaye ni mwanafunzi wa kozi, au mwenye leseni, nimpe nani nini?

Mambo hubadilika ukishakuwa mwenyeji wa uwanja. Kocha aliyeruka nawe kwa hiari yake hakupi ankara, ila ni uungwana kumlipia nafasi yake kwenye ndege. Mpakiaji hulipwa kwa kila parachuti anayoipakia. Ukimletea kifurushi kilichojaa matope au kamba zilizosokotana kama mkeka unaofumwa, mwongezee kitu, kwa maana umemlia muda wake. Kwa anayefanya jambo kwa mara ya kwanza, kama vile kutua akiwa amesimama au kutoka katika aina mpya ya ndege, desturi ya warukaji karibu kila mahali ni kuwanunulia wenzake bia jioni, baada ya ndege ya mwisho kutua. Asiyekunywa hununua soda, na hakuna anayemcheka.

Ipo zawadi moja ambayo haina mjadala. Parachuti kuu ikikukataa na ya akiba ikakushusha salama, mtafute fundi aliyeipakia umpelekee chupa nzuri ya kinywaji anachokipenda. Nimewahi kuona chupa kama hizo zimepangwa juu ya kabati la fundi mmoja, kila moja ikiwa na jina na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na ilikuwa imefunguliwa moja tu.

Ninavaa miwani. Je, naweza kuruka?

Ndiyo. Ipo miwani mipana ya upepo inayovaliwa juu ya miwani ya kawaida, na zipo kofia ngumu za kufunika uso mzima zenye nafasi ya kutosha kwa fremu nyembamba. Wengi hupendelea lenzi laini za kuvaa jichoni, nazo hukaa vizuri maadamu miwani ya upepo imebana barabara. Mtu aliyelala kifudifudi katika mwanguko huru, yaani kabla parachuti haijafunguka, hufikia takriban kilomita 190 kwa saa, na hewa ya kasi hiyo ikipata upenyo mdogo tu chini ya miwani, huinyanyua.

Mimi yalinipata. Nilikuwa nimelegeza mkanda wa miwani kwa sababu ulinibana juu ya masikio, na sekunde mbili baada ya kutoka mlangoni ukingo wa chini ukainuka, jicho la kushoto likajaa machozi, na lenzi ikaenda zake. Altimita, kile kifaa cha kupima kimo, niliisoma kwa jicho la kulia bila shida. Kilichonishinda ni ardhi. Kwa kuwa jicho moja liliona vizuri na jingine liliona ukungu, nilidhani nyasi zimeshafika kumbe bado, nikavuta breki, yaani kamba za kupunguza mwendo wa parachuti, mapema, parachuti ikapoteza mwendo hewani, nami nikadondoka kutoka kimo cha meza na kutua kwa makalio. Hakuna kilichovunjika isipokuwa majivuno. Tangu hapo mimi hukaza mkanda ndani ya ndege, tukiwa karibu na futi 10,000, kisha nasukuma miwani kwa viganja kutoka chini kuona kama inasogea.

Nafikiria kufanyiwa upasuaji wa macho kwa leza. Je, ni wazo zuri kwa mrukaji?

Linaweza kuwa zuri sana, lakini swali ambalo warukaji wengi huanza nalo, yaani kama upepo utaliharibu jicho lililopasuliwa, silo lenye uzito mkubwa. Jicho lililopona, likiwa nyuma ya miwani iliyobana, haliguswi na upepo kwa kiasi cha kutia hofu. Yanayostahili kufikiriwa ni matatu: jicho likipigwa itakuwaje, ukavu utakusumbua kwa muda gani, na utaisoma vipi altimita iliyo mkononi.

Kuhusu kupigwa, aina ya upasuaji ina maana kubwa. Katika LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba kwenye konea, ule utando angavu ulio mbele ya jicho, akakifunua, leza ikachonga sehemu ya chini yake, kisha kifuniko kikarudishwa mahali pake. Mgonjwa mara nyingi huona vizuri kesho yake, na ndiyo maana njia hii inapendwa. Lakini kifuniko hicho hakirudii uimara wake wa awali, na imewahi kutokea kikasogezwa na pigo la moja kwa moja hata miaka kadhaa baadaye. Jambo hilo ni nadra. Hata hivyo mrukaji wa makundi, anayeanguka karibu na wenzake, anajua jinsi goti au kiwiko cha mwenzake kinavyoweza kufika usoni, na anayeruka bila kofia ya uso mzima analijua zaidi.

Katika PRK hakuna kifuniko. Ngozi nyembamba ya juu ya konea huondolewa kabisa, leza huchonga, na ngozi hiyo huota upya kwa siku kadhaa chini ya lenzi laini ya kulinda jicho. Siku hizo za mwanzo zina maumivu na mwanga huchoma. Kuona kwako kutapanda na kushuka kwa wiki nyingi kabla ya kutulia, na jua kali huweza kuchangia ukungu katika konea, kwa hiyo miwani ya jua ni lazima. Malipo ya subira hiyo ni kwamba hakuna kipande kinachoweza kusogea. Njia ya tatu, iitwayo SMILE, hutoa kipande kidogo cha tishu kupitia tundu la milimita chache, nayo pia haiachi kifuniko. Mimi ningekuwa mrukaji wa makundi mwenye konea inayofaa kwa njia zote, ningechagua mojawapo ya hizi mbili za mwisho, hata kama ingenilazimu kukosa miruko ya msimu mzima. Lakini si kila jicho linafaa: mwenye konea nyembamba mno au iliyoanza kuchongoka atakataliwa, na daktari akikukataa, usizunguke ukitafuta atakayekubali.

Je, naweza kuruka lini baada ya upasuaji huo?

Atakayekujibu ni aliyekupasua, na umwambie kwa maneno kamili kwamba unaanguka kwa kilomita 190 kwa saa na kufunguliwa parachuti kwa mshtuko, maana ukisema tu kwamba unafanya michezo atakufikiria uko kwenye baiskeli. Baada ya LASIK, madaktari wengi huzuia michezo yenye hatari ya kupigwa jichoni kwa wiki kadhaa. Baada ya PRK, kinachokuzuia ni kuona kwenyewe: siku ambayo huwezi kukadiria kimo chako juu ya nyasi si siku ya kuruka, hata kama huna maumivu yoyote.

Ukavu wa macho ni wa kawaida katika miezi ya mwanzo, na hewa ya juu ni baridi na kavu. Tumia matone ya kulainisha kabla ya kupanda ndege. Usingoje mlango ufunguliwe.

Daktari amependekeza jicho moja lirekebishwe kwa mbali na jingine kwa karibu. Nikubali?

Pendekezo hili huwafikia hasa wenye umri wa miaka zaidi ya 40, ambao lenzi ya asili ndani ya jicho imeanza kukakamaa. Mtu asiyeona mbali ambaye kwa miaka mingi amekuwa akivua miwani ili asome, akirekebishwa macho yote mawili kwa mbali, huenda akagundua kwamba tarakimu ndogo za altimita sasa zimefifia. Kwa hiyo jicho la karibu linaonekana kuwa jibu. Ubaya wake ni kwamba kukadiria umbali hutegemea macho mawili yanayoona sawa, na sekunde tatu za mwisho kabla ya kutua hazina kazi nyingine ila kukadiria umbali. Mwombe daktari akupe kwanza lenzi za kuvaa zenye mpangilio huohuo, ukae nazo wiki kadhaa, uendeshe gari, ushuke ngazi, udake mpira. Kama hata ngazi zinakutia wasiwasi, chagua macho yote mawili ya mbali na ununue altimita yenye mshale mkubwa, pamoja na ile ya sauti inayowekwa ndani ya kofia.

Nina mafua kidogo. Niende?

Kaa chini. Kutoka futi 13,500 hadi mahali pa kufungulia, shinikizo la hewa hubadilika kwa chini ya dakika moja, jambo ambalo ndege ya abiria hulifanya polepole kwa muda mrefu. Pua na mirija ya masikio ikiwa imeziba, maumivu yake ni kama kuchomwa mwiba, na ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Dawa za kuzibua hudanganya: zinaweza kukwisha nguvu ukiwa juu. Kwa asiye na mafua ambaye masikio humziba tu, aifunge pua kwa vidole na kupuliza taratibu baada ya parachuti kufunguka na kukaguliwa, wala asifanye hivyo kabla.

Nilipiga mbizi jana kwa mtungi wa hewa. Leo naweza kuruka?

Subiri saa 24 kamili, na zaidi ikiwa mbizi zako zilikuwa za kina kirefu zilizohitaji kupumzika njiani wakati wa kupanda. Muda mfupi zaidi unaotajwa na wapiga mbizi ulipangwa kwa abiria wa ndege kubwa, ambamo hewa hubanwa iwe kama ya kimo kisichozidi futi 8,000. Ndege ya warukaji haibani hewa. Mpangilio ulio salama ni kuruka kwanza, kisha bahari.

Nimewahi kuteguka bega. Ni tatizo kweli?

Ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyodhani, na vituo vingi vitakukataa mpaka lirekebishwe na daktari aandike hivyo. Katika mwanguko huru mikono iko wazi, hewa inaisukuma juu. Bega likitoka tena hapo, mkono hauwezi kurudi nyuma kukamata kishikio, na mwili huanza kuzunguka. Usilifiche kwenye fomu.

Sijaruka miezi mitatu. Nianzie wapi?

Anza kwa mwalimu. Shirika la Parachuti la Marekani (USPA) hutoa leseni za daraja A, B, C na D kwa miruko isiyopungua 25, 50, 200 na 500, na muda wa kukaa bila kuruka kabla ya kuhitaji mruko wa kujikumbusha huongezeka kadiri daraja linavyopanda: siku 60 kwa A, siku 90 kwa B, na miezi sita kwa C na D. Nchi nyingine zina hesabu zao. Lakini hata ukiwa ndani ya muda, ning'inia kwenye mikanda ya mazoezi na kurudia mwendo wa kuikata parachuti kuu, yaani kuiachia iende zake, na kuvuta ya akiba hadi mikono iende yenyewe. Mikono husahau kabla ya kichwa.

Nataka kununua parachuti yangu. Ukubwa gani?

Chukua uzito wako ukiwa na vifaa vyote, kwa pauni, ugawanye kwa eneo la parachuti kwa futi za mraba. Mtu anayepanda ndege akiwa na pauni 190, yaani karibu kilo 86, chini ya parachuti ya futi za mraba 190, ana uwiano wa 1.0, na mgeni hapaswi kuzidi hapo. Parachuti ndogo huenda kasi zaidi, hugeuka kwa ukali zaidi, na kosa la kuvuta kishikio kimoja cha kugeuzia ukiwa karibu na ardhi halisameheki. Muuzaji wa mtumba atakuambia utaizoea. Wengi waliovunjika miguu walikuwa chini ya parachuti iliyofunguka vizuri kabisa.

Je, ninahitaji kile kifaa kinachofungua parachuti ya akiba chenyewe?

Wanafunzi hulazimishwa katika nchi nyingi. Wengine huachiwa, na mimi sioni sababu ya kuruka bila hicho. Kinachojulikana zaidi, CYPRES, kilianza kuuzwa mwaka 1991. Muundo wa warukaji wazoefu hukata kitanzi kinachofunga mfuko wa parachuti ya akiba mtu akiwa bado anaanguka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde akiwa karibu futi 750 juu ya ardhi. Kwa kasi ya mwanguko huru, zilizobaki kutoka hapo hazifiki sekunde tano. Ni cha siku ulipogongwa ukazirai, si cha kukukumbusha kufungua.

Parachuti ya akiba hupakiwa upya kila baada ya muda gani?

Marekani ni kila siku 180, ikiwa imetumika au haikutumika. Hadi mwaka 2008 zilikuwa 120. Kuna nchi zinazoruhusu mwaka mzima. Popote ulipo, kazi hiyo ni ya fundi aliyeidhinishwa, naye huandika kadi inayokaa ndani ya mfuko. Ukikodi vifaa, isome kadi hiyo kabla ya kuvaa.

Nikisafiri kwa ndege ya abiria, parachuti niiweke wapi?

Ibebe mwenyewe mkononi ikiwezekana. Mashine za eksirei hazikidhuru kifaa cha kujifungulia, na watengenezaji hutoa kadi yenye picha ya kinavyoonekana ndani. Fika mapema, jibu maswali kwa utulivu, na usimruhusu mtu avute kishikio chochote. Akisisitiza kufungua mfuko, omba iwe mbele yako, na uje umwone fundi kabla ya kuruka.

Ninaweza kuvaa kamera ndogo kwenye kofia?

Baada ya miruko 200, kama USPA inavyopendekeza. Kamera ni ndogo, lakini kamba inaweza kunasa hapo, na mgeni mwenye kamera huanza kufikiria video badala ya kimo.

Bima yangu ya maisha inalipa nikifa nikiruka?

Soma mkataba. Kampuni nyingi huuliza kuhusu michezo ya hatari, na jibu la uongo linaweza kubatilisha madai yote, hata ya kifo kisichohusiana na parachuti. Lijibu kwa maandishi na uhifadhi nakala.

Nikifika mlangoni na moyo ukakataa, naweza kurudi chini na ndege?

Unaweza, na huna deni la maelezo kwa mtu yeyote. Mwambie aliye karibu nawe mapema, si ukiwa umeshika ukingo wa mlango huku wengine wamebanana nyuma yako. Kisha hakikisha rubani amejua kwamba kuna mtu anashuka naye, hasa ukiwa na kifaa cha kujifungulia cha mwanafunzi, ambacho hufanya kazi kwa kasi ndogo kuliko cha mzoefu, kwa hiyo kushuka kwa ghafla kunaweza kukiamsha. Mlango ufungwe, kwa sababu parachuti ikifunguka karibu na mlango wazi inaweza kumvuta mtu nje pamoja na mkia wa ndege. Ukae mbali na mlango, ufunge mkanda wa kiti, na viganja vyako vifunike vishikio mpaka magurudumu yaguse ardhi.